Nani Anamsindikiza Nani

Mtu huondoka lini? Usijibu haraka. Utaniambia huondoka pale anapofunga mlango, au gari linapotiwa moto, au pasi inapogongwa muhuri mpakani. Haya, mweleze hayo Nakijwa. Mjane huyu, matroni mstaafu wa bweni la wasichana, alifunga mlango wa nyumba yake kule milimani, akamwachia jirani ufunguo na kuku, akapanda alichopanda na kuvuka alichovuka, akafika katika Nchi ya Waliomaliza na kupewa chumba chenye roshani inayotazama korongo. Baada ya hayo yote alikuwa bado hajaondoka. Mwenyewe alilijua hilo, ila hakujua limetokana na nini, na lilimkera.

Nchi ya Waliomaliza haimo kwenye ramani tulizochora shuleni, kwa hiyo usihangaike kuitafuta. Huenda huko watu waliomaliza kazi zao: waliorudisha funguo, waliovua sare, walioagwa kwa keki na hotuba na kupewa saa ya ukutani wakati hawana tena pa kuwahi. Hakuna anayekuuliza unafanya kazi gani. Huulizwa ulikuwa nani, na jibu la jana si lazima liwe la leo. Kila mmoja husema kwa lugha yake na kusikia kwa lugha yake, hata Nakijwa aliwasikia wazee wa nchi za theluji wakisengenyana kwa lafudhi ya shangazi zake. Na umri, katika nchi hiyo, haukai mwilini, unakaa njiani. Kwenye ngazi za sokoni una magoti ya uzee. Ukikata kona penye kiwanda cha sabuni kilichofungwa, unaweza kujikuta una nywele nyeusi tii na hasira za ujana, na ukitokea upande wa pili yote yamekwisha. Wenyeji wameshazoea. Wanasalimiana kwa tahadhari tu, kwa sababu uliyemwamkia kwenye ngazi anaweza kukupa wewe shikamoo mkikutana tena mbele ya duka la mikate.

Nakijwa aliijua nchi hiyo kabla hajaiona. Jikoni kwake, juu ya mtungi wa maji, ilikuwapo kalenda ya duka la dawa ambayo mwaka wake ulikwisha zamani, na haikutolewa ukutani kwa ajili ya picha zake. Moshi wa kuni uliigeuza rangi. Ukurasa uliobaki ulikuwa na korongo refu, na juu ya korongo waya, na kwenye waya kisanduku cha vioo chenye watu ndani, kinaning'inia tu, kinavuka kwenda ng'ambo ambako mpiga picha hakufika. Mbonea, mumewe, mwalimu wa useremala, alikuwa akipuliza chai yake kila asubuhi huku akikitazama.

"Tukistaafu, Mama Sifuni, tutapanda hicho," alikuwa akisema. "Utapiga kelele mpaka wasikie ng'ambo."

"Utapiga wewe. Mimi nimelala na wasichana mia bwenini, hakuna tena cha kunitisha."

Tukistaafu. Neno hilo lilikuwa chumba kimojawapo cha nyumba ile. Kila walichokosa nafasi nacho walikiweka humo: kuona theluji, kula samaki wasiomjua jina, kulala mpaka jua liwachome, kugombana bila kuharakishwa na kengele. Mbonea akastaafu kwanza. Nakijwa akawa amebakiza mihula michache, na Mbonea akasema si kitu, nitakungoja, nitatengeneza sanduku la safari la mninga lisiloingia maji. Mbao alizinunua kweli. Siku Nakijwa anarudisha funguo za bweni, mbao zile zilikuwa zimeshatumika kwa sanduku jingine, na aliyelazwa ndani yake alikuwa fundi mwenyewe.

Ndiyo maana alikwenda. Watu walisema amechanganyikiwa, bibi mzima anafuata picha ya kalenda, si akae alee wajukuu. Sifuni, binti yake, alilia kwenye simu. Nakijwa alijikaza, akaenda. Na kila asubuhi katika Nchi ya Waliomaliza alifungasha mkoba wake, akashuka ngazi za sokoni, akapita kiwanda cha sabuni, akafika kwenye geti la kituo cha kile kisanduku. Kisanduku chenyewe, cha kweli, na waya wake, na ng'ambo yake yenye ukungu. Hapo getini akauweka mkoba chini, akageuka, akarudi zake. Akija kushtuka yuko kwenye roshani anakunywa chai, na mkoba uko mlangoni umefika kabla yake. Hakuuliza umefikaje. Katika nchi ile vitu vilikuwa na haraka kuliko watu.

Jirani yake aliitwa Odeta. Maisha yake yote alishona nguo za waigizaji, kwa hiyo aliwahi kumvua joho kila aina ya mfalme, na hakuna mtu aliyemtisha. Alikuwa mzee kuliko Nakijwa, mkavu, mwenye ulimi, na jioni moja alikuja kuomba chumvi akakaa kitako.

"Enhe, leo umefika wapi?"

"Getini."

"Getini! Mwenzio nimeshaanguka na punda ng'ambo ile, nimeshaogelea maji ya moto na wanaume nisiowajua hata majina, mmoja akanisuka nywele. Wewe bado uko getini? Unaogopa kimo?"

"Siogopi kitu. Nikifika pale naona kama kazi imekwisha."

"Kazi gani?"

Nakijwa alimwongezea chumvi kwenye bakuli. Odeta akanyanyuka na chumvi yake, naye akanyanyuka pia, akamchukulia bakuli mkononi. Ngoja nikusogeze kidogo, alisema. Mwanzoni mwa ujirani wao jambo hili lilitaka kuwagombanisha. Mara ya kwanza Nakijwa alipomfuata mpaka chini kwenye ngazi, Odeta alidhani analindwa, akauliza kwa sauti kama ameiba kijiko. Ikabidi aelezwe. Kule milimani mgeni haachwi aondoke kama moshi. Mwenyeji hunyanyuka naye, hubeba mzigo wake, humpa upande wa ndani wa njia na mwenyewe kushika upande wa bondeni, nusu hatua nyuma. Hapo ndipo yanaposemwa yale yaliyoshindikana kusemwa ndani: ugonjwa, deni la moyo, posa. Na anayemaliza safari hiyo si mwenyeji, ni mgeni. Ni mpaka yeye aseme, "Inatosha, rudia hapa," ndipo mzigo hubadilishwa mikono. Mwenyeji akigeuka kabla ya kuambiwa, amemfukuza mgeni. Mgeni asiposema, amemteka mwenyeji wake. Na aliyerudishwa akishageuka, hatazami nyuma tena.

Odeta alikuwa ameshayasikia hayo. Lakini jioni hiyo, katikati ya ngazi, alisimama ghafla na kumkazia macho.

"Hebu subiri. Mimi nakuona kila asubuhi kutoka dirishani kwangu. Unatembea hivi hivi. Nusu hatua nyuma, upande wa bondeni, na mkoba umeubeba kwa adabu kama si wako. Nilidhani ni mwendo wenu huko kwenu." Akapokea bakuli lake la chumvi. "Unamsindikiza nani, wewe mama?"

Nakijwa alikasirika. Alirudi ngazi mbili mbili, jambo ambalo magoti yake yalimkumbusha baadaye, akakaa kwenye roshani na jua la jioni usoni, na maneno yakaanza kumtoka bila mpango.

Namsindikiza nani. Mimi. Mimi niliyewatoa watoto wa watu mpaka kituoni kila wanapofunga shule, masanduku yao kichwani kwangu, haya mama, soma huko nako, wasalimie. Nimesimama kwenye vumbi la mabasi kuliko mtu yeyote ninayemjua. Hakuna basi lililokuwa langu.

Siku ile walisema tunamsindikiza. Mchungaji alisema. Wifi zangu walisema. Tunamsindikiza mpendwa wetu. Sote tukaenda nyuma yake mpaka mwisho wa migomba, mimi upande wa bondeni. Nusu hatua. Ndiyo. Nusu hatua. Tukatupa udongo, watu wakageuka, na mimi nikageuka kwa sababu kanga za mbele yangu ziligeuka.

Lakini yeye hakusema. Mgeni ndiye husema. Hakusema, Inatosha. Hakusema, Rudia hapa. Angesemaje?

Kwa hiyo sijarudi. Jamani. Sijarudi bado kutoka kule.

Sasa tuulizane, wewe na mimi, maana yeye hapo alikuwa analia na si vizuri kumkodolea macho mtu anayelia. Aliyekwenda kumzika mwenzake akarudi na viatu vyenye udongo, ana uhakika gani kwamba aliyerudi ni yeye? Tumemwona akila, akifagia, akijibu simu. Tukasema amepoa. Hatukumwuliza yuko wapi. Wapo watu mjini mwako na kijijini mwangu ambao tunawapa mkono kila siku na wenyewe wako kwenye njia fulani wanabeba mzigo wa mtu, wanasubiri kuachiliwa. Wengine hustaafu katika hali hiyo. Wengine huoa tena katika hali hiyo, na wake wapya hawajui kwa nini nyumba ina baridi.

Asubuhi alifungasha mkoba kama kawaida. Safari hii alijitazama miguu. Kweli, ilikuwa inabaki nyuma, ikimpisha mtu. Alipofika getini akauweka mkoba chini, na mwili wote ukataka kugeuka, akaushikilia pale pale kama anavyoshikiliwa mbuzi mkaidi. Mkono usio wake ukashuka na kuuokota mkoba. Mkono wa kulia, kidole gumba hakina kucha, kililiwa na msumeno mwaka waliooana. Akapandisha macho polepole, sweta la kahawia lililotoboka kiwiko, shingo, ndevu za mvi.

"Leo umechelewa," akasema Mbonea.

Nakijwa alitaka kumkumbatia akakuta anamgombeza. "Ulikuwa wapi?"

"Hapa hapa, Mama Sifuni. Kila siku niko hapa."

"Basi shika mkoba wako uende. Uniambie nirudi, uende. Nimechoka, Baba Sifuni. Nimekusindikiza mno."

Mbonea akaufungua mkoba, akachungulia, akacheka kile kicheko chake cha puani. "Mkoba wangu? Humu mna kanga, mna dawa zako za presha, mna lile jaketi la mvua la Sifuni. Mimi kanga nizifanyie nini?" Akaufunga. "Huu ni wako. Mimi ndiye ninayekusindikiza wewe. Nafika hapa kila asubuhi nasubiri uniambie nirudi, wewe unaweka mzigo chini, unaniaga mimi, halafu unaondoka! Umeona wapi mgeni anamwacha mwenyeji wake getini na mzigo? Nabaki naubeba kuurudisha mpaka mlangoni kwako."

"Mimi ndiye mgeni?"

"Nani mwingine anasafiri hapa? Mimi nilishafika zamani."

Kosa lilikuwa hilo, na ni watu wa milimani tu wangeweza kulifanya: kila mmoja kwa heshima yake alijiona msindikizaji, na kwa hiyo hakuna aliyekuwa na ruhusa ya kusema lile neno. Nakijwa alilielewa palepale. Alielewa pia kwamba kama yeye ndiye mgeni, basi neno ni la kwake kulisema. Akilisema, Mbonea atageuka. Ng'ambo ataiona, theluji ataiona, kila kilichokuwa ndani ya tukistaafu atakiona kwa macho yake, na huyu mwenye sweta hatamwona tena. Asiposema atakuwa naye kila asubuhi mpaka mwisho, hapa getini. Alitazama kile kisanduku kikiingia kituoni na kutoka, akakichukia.

"Twende nikurudishe kidogo," alisema.

Mbonea alijua anachofanya mkewe. Ndivyo walivyochumbiana. Alikuwa amekuja kwa baba yake Nakijwa kupima madirisha, Nakijwa akaambiwa amsindikize fundi mpaka kwenye mfereji wa maji. Kufika kwenye mfereji fundi akasema si vizuri msichana arudi peke yake, akamsindikiza kurudi. Kufika uani msichana akasema si vizuri mgeni aachwe uani. Wakaenda tena mferejini. Walikwenda na kurudi mpaka kaka zake wakatoka nje na viti kuwatazama, wakicheka, na baba akasema madirisha yenyewe yapimwe kesho. Ndoa yote iliyofuata ilikuwa njia ile ile, kwenda na kurudi, huyu akimtoa huyu.

Wakaenda basi. Kwenye kona ya kiwanda cha sabuni umri uliwapokea, na Mbonea akawa kijana mwenye shati la kola pana, anatembea kama amelipiwa, na Nakijwa akawa na nywele za mabutu na kucheka kusiko na sababu. Wakacheka kwelikweli. Akamwonyesha duka la mikate, akamwonyesha dirisha la Odeta. Mpaka chini ya ngazi, na Mbonea akasema si vizuri urudi peke yako. Wakageuka. Wakageuka tena. Jua lilipanda, wauza mboga wakawapisha. Nakijwa alikuwa na furaha aliyoisahau ladha yake. Hii inatosha, aliwaza, ng'ambo ya nini, dunia nzima inatosha kwenye kipande hiki cha njia.

Lakini alikuwa amekuwa matroni miaka mingi, na matroni huona kabla ya kuambiwa. Safari moja aliona Mbonea amepunguka, sweta limemlegea mabegani. Safari nyingine alimtajia mninga, Mbonea akamwuliza mninga ni nini. Yeye, fundi! Akasema amesahau tu, jua kali. Wakaenda, wakarudi. Ndipo alipotambua kwamba muda mrefu sasa hajaitwa Mama Sifuni. Alikuwa akiitwa mama, hivi hivi, kama anavyoitwa mteja sokoni.

"Mume wangu," alisema kwa sauti ndogo. "Mwanetu anaitwa nani?"

Mbonea akasimama. Akatafuta. Uso ule aliokuwa akiutazama jikoni ukitafuta miwani iliyo kichwani, sasa ulitafuta na haukupata, na aibu ikamwingia mzee wa watu.

"Tuna... wa kike, sivyo? Anasoma?" Akashika paji la uso. "Usinikasirikie, mama. Kila unaponivuta kuja huku kinabaki kitu njiani. Sijui kinabaki wapi. Huko nilikokuwa nilikuwa navyo vyote."

Nakijwa aliona wazi kwamba ataendelea kuwa naye kila asubuhi, mwaka hadi mwaka, na mwisho wake atakuwa anatembea na sweta. Alimshika mkono wenye kidole kisicho na kucha, akamrudisha getini, mwendo wa taratibu, na safari hii alikwenda mbele, upande wa ndani wa njia, na Mbonea bila kuambiwa akashika upande wa bondeni, nusu hatua nyuma, na mkoba begani. Mwili wake ulikuwa haujalisahau hilo.

Wakafika. Watu wawili watatu walikuwa wanaingia kwenye kisanduku. Alimfunga kifungo cha sweta.

"Nakupenda, unajua? Sikuwahi kukwambia hivi kwa Kiswahili chepesi, tulikuwa na kazi nyingi. Nakupenda, na nilitaka twende wote, na nimekasirika kwamba hukuningoja. Nimekasirika mpaka leo." Alifuta macho kwa kiganja. "Inatosha, Baba Sifuni. Rudia hapa."

Mbonea akamkabidhi mkoba. Ulikuwa mzito, nusura umdondoke. Mzee akamtazama mara moja, kwa adabu, akageuka, akashika njia. Hakutazama nyuma, kwa sababu haitazamwi. Nakijwa alimfuata kwa macho, yeye alikuwa na ruhusa. Alivyokwenda ndivyo mabega yalivyojaa sweta. Alipokaribia kona akaanza kupiga mluzi, na kwenye kona yenyewe, mgongo ukiwa bado huku, akapaza sauti:

"Msalimie Sifuni!"

Halafu kona ikawa kona tu, na mwanamke mmoja akapita na kapu la vitunguu.

Nakijwa akaingia kwenye kisanduku cha vioo. Alikuwa analia wazi na hakujificha. Mzee mmoja mwenye kofia ya pama akamsogezea nafasi, akamsaidia kuuweka mkoba miguuni, akatazama nje getini, akamtazama tena yeye.

"Pole, mama. Ndiyo kusema hukupata hata mtu wa kukusindikiza?"

"Nilikuwa naye," alisema Nakijwa. "Nimemwambia arudi."

Mlango ukafungwa, sakafu ikayumba, na korongo likafunguka chini yao. Nakijwa akapiga kelele.